Niiongezee kompyuta yangu ya zamani vipuri vipya au niunde nyingine ya gemu?

Kijana wa Tudor

Assalamu alaikum na salamu kwa wote. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 9020, ile yenye kasha refu la kusimama wala si ile nyembamba, niliyoinunua mtumba hapa Mombasa ikiwa imetoka Uingereza. Ndani yake mna prosesa ya Core i5-4590, RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR3 ya GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500, na kadi ya grafiki ya GTX 750 Ti yenye GB 2 ambayo fundi aliniwekea baadaye. Monita yangu ni ya 1080p na ya hezi 60, nami sina haja ya kuibadilisha kwa sasa.

Kwa muda mrefu mashine hii ilinitosha, kwa kuwa michezo yangu ilikuwa GTA V na Counter-Strike. Tangu nilipoanza kucheza FC 25 mambo yamebadilika: mpira unakwama hasa wakati wa kona, marudio ya bao yanachelewa kufunguka, na mechi huchukua muda mrefu kupakia hata mwenzangu wa upande wa pili huuliza kama bado nipo. Natamani pia Cyberpunk 2077 na Elden Ring, ambazo sijathubutu hata kuzijaribu.

Nimeweka akiba ya shilingi 50,000, na nadhani nitaweza kuongeza kiasi kama hicho msimu wa watalii utakapochangamka, kwa sababu ninafanya kazi hotelini na kipato changu hupanda na kushuka pamoja na wageni. Fundi mmoja wa mjini ameniambia niifikishe RAM GB 16, nibadilishe prosesa iwe i7-4790, na mambo yatakuwa yamekwisha. Mwingine ameniambia kwamba kutia pesa katika mashine ya 2014 ni kuzitupa baharini, na kwamba nisubiri niunde mpya. Mdogo wangu huitumia kompyuta hiihii kwa masomo yake, kwa hiyo siwezi kuiuza kabla ya nyingine kuwa tayari. Ningependa kusikia sababu zenu, si jibu pekee.

Fundi wa Mwembe Tayari

Waalaikumu salaam, mwanangu. Kabla hujampa mtu yeyote senti moja, ni lazima ujue ni sehemu gani ya mashine inayokurudisha nyuma, kwa sababu hao mafundi wawili wamekuandikia dawa pasipo kukupima.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Pakua MSI Afterburner, ambayo ni programu ya bure na inafanya kazi hata kwenye kadi zisizo za MSI, kisha iamuru ionyeshe juu ya mchezo idadi ya fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde, asilimia ya kazi ya kadi, asilimia ya kila kiini cha prosesa, RAM inayotumika, na joto. Cheza kama kawaida yako. Ikiwa kadi inakaa kwenye asilimia 97 hadi 99 muda wote, basi kadi ndiyo iliyofika kikomo. Ikiwa kadi inashuka hadi 60 au 70 huku viini vya prosesa vikigonga 100, basi prosesa ndiyo inayoisubirisha kadi. Halafu shusha resolusheni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080p hadi 720p bila kugusa mpangilio mwingine wowote. Fremu zikipanda sana, tatizo ni kadi. Zisipopanda, tatizo ni prosesa, kwa sababu kazi ya prosesa haipungui eti kwa kuwa picha imekuwa ndogo.

Jambo la pili ni pawa saplai, yaani kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, na hapa ndipo OptiPlex inapowanasa wengi. Ile iliyokuja na kasha lako ina wati 290, haina kebo ya kulishia kadi ya grafiki, na kiunganishi chake kikuu cha kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kina pini 8 badala ya 24 za kawaida. Maana yake ni kwamba kadi yoyote utakayoiweka, kama mambo yatabaki yalivyo, lazima iridhike na wati 75 zinazotoka kwenye soketi ya PCIe (nafasi inayochomekwa kadi) yenyewe. GTX 750 Ti hula wati 60, ndiyo maana imekaa humo miaka yote bila matata. GTX 1050 Ti hula 75, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024 hula 70. Hapo kwenye 3050 fungua macho: ile ya GB 8 ya mwaka 2022 ni kadi tofauti, hula wati 130 na hudai kebo yake, lakini wauzaji wengi huandika tu RTX 3050 kwenye tangazo na kukuachia uligundue hilo nyumbani.

Kuhusu i7-4790, ni prosesa nzuri ya zama zake. Ina nyuzi 8 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja) mahali ambapo i5 yako ina 4, inaingia kwenye soketi ileile ya LGA1150, na kwa michezo inayotumia nyuzi nyingi utaona tofauti. Lakini soketi hiyo imefika mwisho wa safari, na siku utakapounda mashine nyingine i7 hiyo haitakwenda nayo, wala RAM ya DDR3 haitakwenda nayo. Mimi ninaviuza vitu hivi, na bado nakuomba usivikimbilie. Tupe vipimo kwanza.

Bi Kizingo

Ndugu yangu wa Tudor, mimi ni mtu wa mahesabu kikazi, na ninacheza gemu usiku watoto wakilala. Nitaongeza upande ambao Fundi hakuugusa, yaani muda uliobakia kwa mashine hiyo hata kama ungeitia kadi ya dhahabu.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu wa kawaida unafikia Oktoba 2026 tu. Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), ilhali yako ni ya kizazi cha nne. Ziko njia za kuilazimisha iingie, na mafundi wengi huzitumia, lakini baadhi ya michezo ya mtandaoni haitakubali ujanja huo: Valorant ikiwa juu ya Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo kompyuta inapowaka), na Battlefield 6 nayo haifunguki bila Secure Boot. Kadi yako pia imeachwa nyuma, kwa kuwa Nvidia ilisimamisha draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za michezo kwa vizazi vya GTX 700 hadi 1000 mnamo Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama. Kwa sababu hiyo ningeifuta kabisa GTX 1050 Ti kwenye orodha ya Fundi, hata kama bei yake inavutia.

Ukitazama michezo yenyewe, FC 25 inataja GTX 1050 Ti kuwa kiwango cha chini kabisa, Elden Ring inataja i5-8400, GTX 1060 ya GB 3 na RAM ya GB 12, na Cyberpunk tangu mwaka 2023 inadai SSD (diski ya kasi isiyozunguka), RAM ya GB 12 na GTX 1060 ya GB 6. Iko pia michezo, kama ule wa Indiana Jones wa Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages wa 2025, isiyoanza kabisa bila kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo kwa Nvidia vilianza na kizazi cha RTX 20 na kwa AMD kizazi cha RX 6000. Lakini mgala muue na haki yake umpe: kizazi cha nne cha Intel ndicho cha kwanza kuwa na amri za AVX2, kwa hiyo i5 yako bado inafungua michezo mipya ambayo prosesa za kabla yake zinaikataa.

Kwa hiyo ningeunda mpya, na ningeiunda juu ya AM4. Ni soketi iliyopokea Ryzen za kwanza za AMD mwaka 2017, lakini inapokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 yenye viini 6 na nyuzi 12, na inatumia RAM ya DDR4. AM5 ndiyo mpya na ndiyo yenye maisha marefu mbele, lakini inalazimisha DDR5, na tangu mwisho wa 2025 bei za RAM zimepaa duniani kote kwa sababu viwanda vinaelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili unde. Micron hata ilitangaza mwezi Desemba 2025 kwamba inaacha kuwauzia watu wa kawaida bidhaa za Crucial. DDR4 nayo haikusalimika, ila bado inapatikana iliyotumika, na RAM ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo siogopi kuvinunua vikiwa vimetumika, maana huwa ni nzima au imekufa, na programu ya MemTest86 itakuambia ni ipi.

Ukinunua madabodi ya B450 ya dukani, uliza kama BIOS yake (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta) imesasishwa kwa ajili ya Ryzen 5000. Madabodi iliyokaa stoo tangu 2019 haitaitambua 5600, nawe utakaa ukitazama kioo cheusi ukidhani umeuziwa kitu kibovu.

Mchezaji wa Mtwapa

Naona mmesahau njia ya tatu, ambayo ndiyo niliyoifuata mimi. Mtumba wa siku hizi unaotoka Uingereza si wa kizazi cha nne tena. Mashine za ofisini zenye i5-8500, yenye viini 6, zimejaa madukani, na Windows 11 inazikubali bila hila yoyote. Unainunua ikiwa na RAM ya DDR4, unaitia RTX 3050 ya GB 6, na unacheza. Pesa zako zinatosha kwa sehemu kubwa, na ile ya zamani anabaki nayo mdogo wako.

Nakiri kwamba pawa saplai zake nazo si za kawaida, kwa hiyo kizuizi cha wati 75 kinabaki palepale. Kwa monita ya 1080p ya hezi 60 sikioni kuwa msiba. Angalia tu usije ukanunua lile kasha jembamba, kwa sababu litakulazimisha utafute kadi fupi ambazo ni adimu na bei zake hazina huruma.

Mkaazi wa Likoni

Wenzangu mmezungumza kana kwamba mashine hii ipo Nairobi. Kijana yuko Tudor, karibu na maji ya mkono wa bahari, na kompyuta yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka 10. Ningeanza na kuifungua.

Hewa ya pwani hubeba chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Vikikutana na vumbi juu ya madabodi hutokea utando unaopitisha umeme kidogokidogo na kuila shaba, hasa kwenye miguu ya RAM na kwenye soketi ya kadi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa RAM na kadi, safisha sehemu za dhahabu kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha uzirudishe. Pesti ya kupitishia joto iliyopo kati ya prosesa na feni yake huenda ni ileile iliyotiwa kiwandani, na kwa sasa imekauka ikawa kama chokaa. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 za selsiasi hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue, na mtu hudhani mashine imezeeka kumbe ina joto. Katika miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi huanza na nyuzi 30 na zaidi hata kabla hujaiwasha kompyuta, kwa hiyo kosa dogo la upoozaji ambalo Ulaya lisingeonekana hapa linajitokeza wazi. Kwa sababu hiyohiyo, ukiunda mpya usivutiwe na makasha yenye kioo mbele. Chagua lenye uso wa wavu na chujio linalotoka, ulioshe chujio hilo mara kwa mara, na uliinue kasha kutoka sakafuni.

La pili ni umeme. Kinachoua vifaa si stima kupotea bali jinsi inavyorudi, ikija kwa kishindo au ikicheza juu na chini kabla haijatulia. UPS nzuri ni sehemu ya bei ya kompyuta, tena si sehemu ya hiari. Soma wati zake wala usidanganywe na VA (volti-ampea), kwa sababu UPS ya VA 650 haitoi wati 650. Na kwenye pawa saplai za bei ya chini zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, hakikisha imeelekezwa kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni wa volti 240, na swichi ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu.

Kijana wa Tudor

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya mliyoyasema na haya ndiyo niliyoyapata.

Nilianza na ushauri wa ndugu wa Likoni. Pesti ilikuwa imekauka kweli, na vumbi la kwenye feni lilitoka likiwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Kabla ya kusafisha, prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 94 katikati ya mechi. Sasa haizidi 72. Kule kukwama kwa ghafla wakati wa kona kumepungua sana, ingawa fremu za kawaida hazikuongezeka.

Kwenye FC 25 kwa 1080p kadi inakaa 99 muda wote, viini vya prosesa viko kati ya 60 na 80, na napata fremu 38 hivi. Nikishusha hadi 720p zinapanda hadi 58. Kwenye Counter-Strike 2, wachezaji wakiwa wengi, viini vyote vinne hugonga 100, na kushusha resolusheni huniongezea fremu chache tu. RAM inajaa karibu yote ikiwa nimeacha kivinjari wazi, na diski inakaa 100 tangu mchezo unapoanza kupakia hadi unapofunguka.

Kwa hiyo naona kwamba kila mmoja wenu ana haki, na hilo limenichanganya zaidi. Swali langu sasa ni moja: kwa hizi 50,000, nianze na nini ili nisije nikanunua kitu mara mbili?

Fundi wa Mwembe Tayari

Sasa tunaweza kuzungumza, mwanangu. Vipimo vyako vinasema kwamba kwa mchezo unaoucheza zaidi kadi ndiyo ya kwanza kubadilishwa, diski ni ya pili, na prosesa inafuata kwa karibu. Bi Kizingo ana haki kuhusu mwisho wa safari, na mimi sina la kumpinga. Tofauti yetu ni ya mpangilio tu, kwa sababu mashine yake yeye huwezi kuikamilisha leo, na nusu ya kompyuta haichezi mpira.

Ushauri wangu ni kwamba leo ununue vile tu vitakavyohama. SSD ya SATA ya GB 500 au TB 1 itahama. Kadi itahama. Na pawa saplai ya kawaida ya ATX ya wati 550, ya kampuni inayojulikana na yenye alama ya ufanisi wa umeme ya 80 Plus Bronze au zaidi, itahama pia, na itakutumikia miaka mingi. Hiyo pawa saplai ndiyo inayoifungua minyororo ya wati 75. Kasha refu la 9020 linaipokea pawa saplai ya ATX kwa umbo lake, na kile kiunganishi cha pini 8 kinashughulikiwa na adapta ya pini 24 kwenda 8 iliyotengenezwa mahsusi kwa Dell. Narudia, ya Dell. Zile za HP zina mpangilio wake, na kuzichanganya ni kuitafutia madabodi mauti.

Ukishakuwa na kebo ya kadi, RX 6600 inaingia hesabuni. Ni kadi ya 2021 yenye GB 8, hula wati 132, na kwa michezo unayoitaja inaiacha mbali RTX 3050 ya GB 6, ilhali ikiwa imetumika bei zao hazipishani sana. Inatumia njia 8 za PCIe, na madabodi yako ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo utapoteza kidogo sana. Ndiyo sababu nakukataza RX 6500 XT, ambayo inatumia njia 4 tu na ina GB 4, na kwenye PCIe 3.0 hupungukiwa vibaya. Kabla ya kununua, pima kwa rula nafasi iliyopo kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizimba cha diski, halafu tafuta kadi inayoingia humo. Sasisha BIOS ya Dell iwe ya mwisho na uiweke mashine kwenye UEFI (hali mpya ya kuwasha) kabla hujaichomeka kadi.

Kijiti cha RAM cha DDR3 cha GB 8 ninakiruhusu, ingawa hakitahama, kwa sababu kinapatikana mtumba kwa bei ndogo na mdogo wako atanufaika nacho baadaye. Prosesa ya i7 siiruhusu. Counter-Strike itaendelea kukubana kwa miezi hiyo, uvumilie. Elden Ring utaicheza, kwa kuwa mchezo wenyewe hauvuki fremu 60. Cyberpunk itafunguka na picha itakuwa nzuri, lakini katikati ya mji wenye watu wengi viini vyako vinne vitatoa jasho, kwa hiyo punguza msongamano wa watu kwenye mipangilio.

Msimu ukichangamka utanunua Ryzen 5 5600, madabodi, RAM na kasha, kisha utahamisha kadi, SSD na pawa saplai. OptiPlex itarudishiwa pawa saplai yake ya asili na ile 750 Ti, na mdogo wako atakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Usiitupe hiyo ya asili hata mtu akuambie haina thamani.

Bi Kizingo

Naupokea mpangilio wa Fundi, kwa sharti moja la kimahesabu: hizo sehemu za awamu ya pili ziulizie bei tangu leo, hasa RAM. Ukikutana na DDR4 ya GB 16 iliyo katika vijiti viwili kwa bei ya kueleweka, ichukue na uiweke kabatini ndani ya mfuko wake, hata kama madabodi bado hujaipata. Na ukishawishika kuagiza kutoka nje, kumbuka kwamba VAT ya asilimia 16 huhesabiwa pamoja na usafirishaji na bima, wala si juu ya bei unayoiona kwenye tovuti.

Kijana wa Tudor

Nimeridhika, na nitafuata njia hiyo. Nimempata muuzaji wa RX 6600 iliyotumika ambaye yuko tayari nikaijaribu dukani kwake. Nitazame nini nikifika, Fundi?

Fundi wa Mwembe Tayari

Nenda na GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi. Ikiwa ni RX 6600 ya kweli itaandika jina la chipu Navi 23, viini 1792 na GB 8 za GDDR6. Ikiwa ni kadi iliyobadilishwa jina, programu hiyo mara nyingi huandika wazi kwamba ni bandia. Tahadhari hii si ya bure, kwa sababu hata RX 580 ziko za viini 2304 na za viini 2048, na zote huuzwa kwa jina moja.

Ikague kadi kabla haijachomekwa. Tazama kama skrubu zina mikwaruzo ya bisibisi, kama kuna kutu kwenye bamba la nyuma linaloshika kasha, na kama feni zinazunguka kwa kidole bila kukwaruza. Kisha iendeshe kwenye mzigo mzito, si kwenye ukurasa wa mwanzo wa Windows, na usiondoke kabla haijatulia kwenye joto moja. Sikiliza feni, tazama kama kuna vidoti vya rangi au mistari kwenye kioo, na jaribu matundu yote ya picha, HDMI na DisplayPort, kwa maana chumvi yetu hupenda kuanzia hapo. Mwambie pia muuzaji aandike kwenye risiti nambari ya utambulisho ya kadi (serial number) na idadi ya siku ambazo unaweza kuirudisha. Akikataa kuandika, iache hapohapo, kwani RX 6600 si moja mjini.